Chuo Kimesingiziwa

Matokeo ya darasa la saba yanaposomwa kwenye kikao cha wazazi mjini Songea, na hisabati ikiwa imeanguka kama kawaida yake, haichukui muda kabla mtu hajasimama kumtaja mchawi. Mara nyingi ni mtu wa nia njema: mwalimu aliyechoka, mjumbe wa kamati ya shule, pengine mtendaji aliyekuja kuhimiza michango. Atasema watoto wa mtaa wa Majengo wanashinda madrasa. Atasema akili ya mtoto ni moja, haiwezi kubeba mzigo wa huku na wa kule. Watu wataitikia, wazazi Waislamu wenyewe wakiwamo, kisha kikao kitahamia kwenye uji wa shule.

Kauli hiyo haikuzaliwa Songea. Imo kwenye hotuba, kwenye ripoti za wafadhili na kwenye vijiwe vya kahawa kuanzia Tanga hadi Tunduru. Inadai mambo mawili: kwamba Waislamu wa Tanganyika waliachwa nyuma kwa kuwa waliipenda Kurani wakaisusa shule, na kwamba hata leo chuo, ambacho Songea wengi hukiita madrasa, ndicho kinachomvuta mtoto shati kila anapotaka kupiga hatua darasani. Dai la kwanza ni historia iliyosomwa nusu. La pili ni uvivu wa kutazama saa.

Historia kwanza, maana ndiyo inayotajwa kwa kujiamini kuliko yote.

Shule iliyoingia Ungoni, nchi ya Wangoni, haikuwa ya serikali. Wamisionari wa Kibenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, kilomita ishirini na kitu kutoka boma la Songea. Misheni yao ilichomwa moto katika vita vya Majimaji mwaka 1905. Mwaka 1906 Wajerumani wakamnyonga Nduna Songea Mbano pamoja na wakuu wenzake wa Kingoni, na vita vilipopoa misheni ikajengwa upya, kubwa kuliko ya kwanza. Tangu hapo, kwa zaidi ya nusu karne, mtu wa Songea aliyetaka mwanawe ajue kusoma na kuandika alikuwa na mlango mmoja mpana, nao ulikuwa wa kanisa. Kijijini mwalimu alikuwa katekista. Kusoma na katekisimu vilikwenda bega kwa bega, na mwisho wa safari ulikuwa ubatizo. Hakuna siri wala aibu ndani yake: mapadri walivuka bahari kuja kuhubiri, na shule ilikuwa njia yao ya kuhubiri. Waliifanya kazi hiyo kwa bidii ambayo serikali ya kikoloni haikuikaribia, na mkoa wa Ruvuma unakula matunda yake mpaka leo.

Lakini mzazi Mwislamu wa mwaka 1925 aone nini? Anamtuma Saidi asubuhi, anarudishiwa Yosefu. Akimzuia asiende, wajukuu wa leo wanaandika kwamba mzee aliikataa elimu. Mzee aliukataa ubatizo. Padri mwenyewe wa Peramiho angeyaelewa mambo hayo bila kufafanuliwa, maana naye asingempeleka mpwa wake Bavaria kwenye shule ambayo lazima mtoto atoke amesilimu.

Kipimo cha kweli ni hiki: serikali ilipofungua shule isiyodai ubatizo, Waislamu walifanya nini? Jibu liko Tanga. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua pale shule ya serikali isiyofundisha dini, na watoto wa Kiislamu wakaingia. Kutoka shule za aina ile walipatikana makarani, walimu na maakida walioendesha koloni lote, na mwaka 1904 gazeti la Kiongozi likaanza kuchapwa hapo hapo. Wamisionari ndio waliokuwa wakinung'unika, wakisema serikali inawalea Waislamu. Mtu hawezi kulaumiwa kwa kujaa shuleni na kwa kuikimbia shule kwa wakati mmoja.

Shida ilikuwa uchache. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, shule za serikali nchi nzima zilikuwa na wanafunzi kama 6,000. Za misheni zilikuwa na zaidi ya 150,000. Hesabu hizo mbili zinaeleza mengi kuhusu nani alisoma na nani hakusoma, kuliko vitabu vizima vinavyochambua tabia ya Waislamu.

Waingereza walikuja wakalikaza fundo. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam mwaka 1925 ulikubaliana kwamba misheni ziwe washirika wa serikali, na sheria ya elimu ya mwaka 1927 ikaweka utaratibu wa ruzuku. Shule ya misheni iliyotimiza masharti ilipewa fedha za kodi. Chuo cha Kurani hakikupewa hata senti, kwa sababu hakikuhesabiwa kuwa shule. Mtoto aliyekuwa akisoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, hati ambayo maliwali wa pwani na Wajerumani wenyewe mwanzoni waliitumia kuandikiana, alihesabiwa hajui kusoma. Baba yake naye, aliyelipa kodi ya kichwa kwa jasho la mashamba ya mkonge ya Tanga (Songea ilikuwa ghala la manamba, na Wangoni walijaa huko), alikuwa akichangia ruzuku ya shule ambayo mwanawe asingeingia bila kubadili dini.

Linalochekesha, kama lipo la kuchekesha, ni kwamba mkurugenzi wa kwanza wa elimu wa Waingereza hapa Tanganyika, Stanley Rivers-Smith, alikuwa ametokea Zanzibar, na huko alikwisha kuijua dawa. Shule za serikali zilizofunguliwa Unguja mwanzoni mwa karne iliyopita zilidoda. Wazazi waliziogopa. Zilianza kupata watoto pale Kurani ilipoingizwa kwenye ratiba, na huko mashamba, mnamo miaka ya 1940, walimu wa vyuo walipokaribishwa ndani ya shule kufundisha, idadi ya wanafunzi ikapanda. Wazazi walikuwa wale wale, na dini yao ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni masharti ya mlangoni.

Atazamwe Ali Hassan Mwinyi. Alizaliwa mwaka 1925 Kivure, Mkuranga, na akiwa mdogo baba yake akampeleka Unguja ili asome dini. Hiyo ndiyo picha kamili ya mzazi anayelaumiwa kwenye vikao. Mtoto akasoma dini, akaingia shule ya Mangapwani, akaenda Dole, akasomea ualimu, akarudi Mangapwani kufundisha, na mwaka 1985 akawa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Alivuka bahari kufuata chuo akaikuta shule imekaa jirani yake.

Au atazamwe mtu wa hapa hapa. Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, wilaya ya Songea ya enzi hizo, akasoma hadi Tabora, shule ya serikali, wala hakuhitaji jina jipya ili apewe daftari. Alikuwa Makamu wa Pili wa Rais mwaka ambao Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu ya 1969, iliyozitaifisha shule za misheni na kuzifungua kwa watoto wa dini zote.

Wenye kudai kwamba Waislamu waliisusa shule wanapaswa pia kueleza kwa nini walikuwa wakiidai. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliandika katika magazeti ya Sahifa na Al-Islah, tangu mwaka 1930, akiwakemea Waislamu wenzake kwa kubaki nyuma katika elimu ya dunia, na baadaye akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Al-Jamiatul Islamiyya, iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1933, ilijenga shule kwa michango. Jumuiya ya East African Muslim Welfare Society, tangu mwaka 1945, ilijenga nyingine nyingi Afrika Mashariki hadi ilipopigwa marufuku Tanzania mwaka 1968. Na Sheikh Abdallah Saleh Farsy, ambaye tafsiri yake ya Kurani iko kwenye rafu za misikiti mingi nchini, alikuwa mwalimu wa shule za serikali kabla hajawa Kadhi wa Zanzibar.

Baada ya 1970 mlango ulifunguka. Elimu ya msingi kwa wote ikafuata mwaka 1977, ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne ikafutwa mwaka 2016. Katika miaka hiyo yote vyuo havikufa, viliongezeka. Songea leo si rahisi kuukuta mtaa wenye msikiti usio na madrasa. Shule nazo zilijaa, na waliozijaza ni pamoja na watoto wa madrasa hizo hizo. Kama chuo na shule ni maadui, iweje vimekua pamoja kwa miaka hamsini?

Kuna mtu atataka takwimu: wangapi ni Waislamu kati ya waliofeli, wangapi kati ya walioacha shule. Hana pa kuzipata. Sensa ya mwisho kuuliza dini ilikuwa ya mwaka 1967. Anayesimama kwenye kikao akatoa asilimia za kidini, upande wowote, amezitoa kichwani mwake. Kinachoweza kulinganishwa ni maeneo. Zanzibar, ambako karibu kila mtoto hupitia chuo na elimu ilitangazwa kuwa bure tangu Septemba 1964, ilikutwa na sensa ya mwaka 2012 ikiwa na kiwango cha kujua kusoma na kuandika kilicho juu kuliko cha Bara. Anayeamini kwamba chuo kinaua shule alianze hapo shauri lake.

Sasa saa. Mtoto wa darasa la tano anatoka shule alasiri. Anakula kilichobaki jikoni, anateka maji, anavaa kanzu au mtandio, na kwenye saa kumi yuko kwenye jamvi. Magharibi ikiadhiniwa, amemaliza. Jumamosi na Jumapili asubuhi anarudi tena, kwa sababu chuo, ambacho kwa desturi ya zamani kilipumzika Alhamisi jioni na Ijumaa, kilikwisha kuhamisha siku zake ili kiipishe shule. Watu hawalisemi hili. Katika mapatano yasiyoandikwa kati ya pande mbili, madrasa ndiyo iliyosogea. Shule haijasogea hata dakika moja. Badala yake imeanza kula saa za mwenzake. Darasa la nne na la saba wana masomo ya ziada hadi jioni, wana kambi, wana Jumamosi, na mtoto akikosa anaitwa mtoro. Halafu mgongano unapotokea, anayelaumiwa ni aliyekuwa amekaa kwake.

Na kuna mwizi wa muda ambaye kikao hakimtaji hata siku moja, pengine kwa sababu wajumbe wote wana undugu naye. Ni jembe. Ruvuma inalisha nchi mahindi, na mahindi hayo hayajioteshi. Msimu ukianza, familia za Namtumbo na Tunduru hufunga nyumba zikahamia mashambani kwa wiki na miezi, kulima na kuwinga nyani na nguruwe, na watoto wanakwenda nao. Huko shambani hakuna shule, wala hakuna madrasa. Mwalimu wa dini naye hubaki na jamvi tupu. Ukiongeza umbali wa kutembea, na madarasa ya kwanza yenye watoto zaidi ya mia mbele ya mwalimu mmoja, saa mbili za chuo zinakuwa ndogo mno kubeba lawama yote.

Hoja inayobaki ni ya kukariri. Wasomi huipenda hii: kwamba chuo kinamfanya mtoto kasuku, anaimba asichokielewa, na akifika shule hawezi kufikiri. Anayesema hivyo akae pembeni ya kikao cha wanaoanza, papo hapo barazani pa msikiti, asikilize. Mtoto wa miaka mitano ameshika kijiti, Qaida Baghdadia iko juu ya mapaja, karatasi zimekuwa laini kwa kushikwa na kaka zake wawili waliotangulia. Be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu. Kijiti kinagusa herufi, mdomo unatoa sauti, mwalimu anagonga ubao iwapo sauti imekwenda mrama. Anatofautisha sini na shini kwa nukta tatu, anajua kwamba alama ndogo juu ya herufi inabadili kila kitu. Mwaka mmoja baadaye, darasa la kwanza, mwalimu wa shule anaandika ubaoni ba, be, bi, bo, bu, na mtoto huyu hashangai. Herufi ni ngeni kwake, lakini kazi yenyewe anaijua: alama ina sauti, sauti zinaungana, neno linatoka. Stadi za KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), ambazo serikali ilizipa mtaala wake mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili, zinaanzia pale pale.

Haya si maneno ya kujifariji. Mombasa, miaka ya 1980, wazazi wa Kiislamu na Mtandao wa Maendeleo wa Aga Khan walianzisha shule za awali zilizokaa ndani ya madrasa, kazi iliyoongozwa na mwalimu, Bi Swafiya Said. Mpango ukaingia Zanzibar mwaka 1990, kisha Uganda. Watafiti walipowapima watoto wa sehemu hizo tatu, wale wa madrasa hizo walipiga hatua kubwa zaidi kiakili kuliko waliosoma shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani wakaachwa mbali na wote. Jengo lilikuwa la madrasa, walimu walikuwa kina mama wa mitaa ile ile. Walichoongezewa ni mafunzo na vifaa.

Chuo kina makosa yake, na wanaokitetea kwa kuyaficha hawakisaidii. Bakora bado inatembea mahali pengi. Walimu wengi hawajawahi kufundishwa namna ya kufundisha. Walichonacho ni walichokiona kwa walimu wao. Malipo ni vijisenti vya Alhamisi na sahani ya hitima, kwa hiyo mwalimu mchana ni fundi cherehani au dereva wa bodaboda, na jioni anafika amechoka. Ziko pia madrasa za bweni, chache lakini zipo nchini, zinazopokea watoto kutoka mikoa ya mbali na kuwafungia dini peke yake, bila darasa la kwanza wala la saba. Hapo hapana mjadala. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka kila mtoto wa umri wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie, na mwenye bweni la namna hiyo hastahili kujificha nyuma ya msahafu. Sheikh anayesema shule ni ya makafiri naye ajibiwe na al-Amin Mazrui, aliyemjibu karibu miaka mia iliyopita.

Lakini dawa ya makosa hayo haiwezi kuwa kumtoa mtoto chuoni. Serikali yenyewe inajua kwamba mahali pasipo rasmi panaweza kuboreshwa badala ya kufungwa, ila haijalitumia hilo kwa upande wa chuo. Ilipoona watoto wengi wamepitwa na umri wa kuanza shule, ilianzisha MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa waliokosa, na ikakubali wafundishwe hata na watu wasio na cheti cha ualimu. Ilipoona shule ziko mbali, ilianzisha vituo shikizi, vingine vikianza chini ya mwembe kwa nguvu za wanakijiji, na kuanzia mwaka 2021 ikavimwagia vyumba vya madarasa kwa fedha za UVIKO-19. Mwembe ukikaliwa na mtu wa kujitolea mwenye chaki, ni kituo shikizi. Ukikaliwa na ustadhi mwenye watoto arobaini wanaojua kukaa, kusikiliza na kusubiri zamu, ni tatizo la kielimu.

Indonesia, nchi yenye Waislamu wengi kuliko karibu zote duniani, ililimaliza jambo hili mwaka 1975: mawaziri watatu walitia saini waraka mmoja, madrasa zikachukua masomo ya kawaida kwa asilimia 70, na cheti chake kikawa sawa na cha shule. Nijeria ilijaribu njia nyingine. Chini ya Rais Goodluck Jonathan ilijenga shule nyingi za mfano kwa ajili ya almajiri, watoto wa vyuo vya kaskazini, na mengi ya majengo hayo baadaye yaliachwa yakaota nyasi au yakageuzwa kazi nyingine. Tofauti haikuwa saruji. Indonesia iliingia ndani ya chuo kilichopo na mwalimu wake. Nijeria ilimjengea mtoto jumba pembeni, ikamwacha mwalimu wake na ugomvi wake.

Songea haihitaji jumba. Chuo cha ualimu cha Matogoro kiko mjini hapo hapo. Afisa elimu anaweza kuzitaka shule zake zitangaze mapema ni siku zipi za juma masomo ya ziada yatavuka saa kumi, na siku zinazobaki ziachwe. Walimu wakuu wanaweza kumpelekea mwalimu wa madrasa rejesta ya utoro, kwa sababu yeye ndiye anayemjua mtoto kwa jina la babu yake, na swali la "leo shule hukwenda kwa nini?" likiulizwa jamvini linauma kuliko likiulizwa paredi. Vipindi vya dini vilivyomo kwenye ratiba ya juma, ambavyo aghalabu upande wa Waislamu hukosa mwalimu, vinaweza kupewa ustadhi yule yule wa jioni, ili mtoto amwone ndani ya geti la shule.

Na walimu hao wa madrasa wapewe mafunzo ya KKK na ya kufundisha bila bakora, wiki mbili za likizo ya Juni pale Matogoro. Hilo halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Linahitaji barua ya afisa elimu wa manispaa, baraka za baraza la Waislamu, BAKWATA, mkoani, na unga wa ugali wa wiki mbili, katika mkoa ambao ghala zake zinalisha nchi.